Mkanda Mkubwa na Mkanda Mdogo

Majina nayaacha. Si kwa kuwaogopa, maana walionitia kovu wengi wao washazikwa, na waliobaki hawana meno ya kuniuma. Nayaacha kwa sababu jina mtu hupewa na wazazi wake kabla hajakosa. Nitawataja kwa udugu wao tu. Wenyewe wakisomewa watajijua, na Malindi nzima itawajua.

Wa kwanza ni mtoto wa shangazi yangu, ndugu wa baba. Huyu alikaa Uarabuni miaka mitatu, akarudi na masanduku mawili yasiyo na nguo hata moja. Yalikuwa yamejaa vyombo. Kulikuwa na saa ya mkono yenye vitufe vidogo kama punje za mtama, ukiviminya inajumlisha na kutoa. Kulikuwa na kiberiti cha gesi ambacho ukikifunua kinapiga muziki, na kalamu yenye saa tumboni, na redio iliyofanana na kopo la soda, hata wageni wakawa wanaitikisa kusikia kama imebaki kitu ndani. Kwa bibi yetu alileta saa ya mezani yenye umbo la msikiti, minara miwili ya kijani. Wakati ukifika inaadhini yenyewe. Bibi aliipenda mwezi mmoja. Betri zilipoanza kuchoka, yule mwadhini akawa anaburuta sauti kama mlevi anayerudi kwao, na bibi akaifunga ndani ya leso akaitia chini ya kitanda.

"Mpeni dawa huyu," alisema. "Ana homa."

Binamu alifungua duka la kutengeneza redio karibu na soko. Nyuma ya duka palikuwa na chumba chenye viti vya mbao, televisheni, na mashine mbili za video. Wakati huo video Malindi ilikuwa kitu cha mahoteli na cha nyumba mbili tatu za wenye nazo. Vijana wakajaa pale kila alasiri. Siku hizi vijana wanabishana simu gani bora. Hao walikuwa wakibishana mkanda gani bora. Maana mikanda ya video ilikuwa namna mbili, mkubwa na mdogo, na mashine ya huu haimezi ule. Wa mkanda mdogo walisema picha yake ni safi zaidi. Wa mkanda mkubwa walisema wenu utakufa, dunia nzima yahamia huku. Walitukanana kama watu wa timu mbili za mpira. Kijana mmoja wa mkanda mdogo alikataa hata kunywa chai iliyonunuliwa na wa mkanda mkubwa. Binamu ndiye aliyekuwa kadhi wao. Alikuwa akipata magazeti ya vyombo kutoka kwa watalii waliokwisha kuyasoma, magazeti ya Kizungu na mengine ya Kitaliano ambayo hakuyajua hata neno, akisoma picha, na akiwahadithia: kule Ujapani wana hiki, mwakani watatoa kile.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Shule niliiacha darasa la nne mama alipougua miguu, nikawa mimi ndiye jiko na mimi ndiye kisima. Mdogo wangu alibaki shuleni mpaka la saba. Alikuwa na miaka kumi na minane alipoposwa, mimi bado sijaposwa na mtu. Hilo liwekeni akilini, maana baadaye walinigeuzia likawa kisu.

Posa ilitoka Mambrui. Bwana harusi alikuwa kijana mpole, yatima, aliyelelewa na ami yake. Huyo ami ndiye wa pili katika watu wangu. Alikuwa mtu wa mali na wa sauti. Alipokuja kwetu kwa mara ya kwanza, alisimama mlangoni akakohoa mara tatu, kikohozi kikavu cha kutangaza kwamba amefika mkubwa, kisha akakamata kanzu yake kwa vidole viwili akaiinua juu ya vifundo, mithili ya mtu avukaye matope. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo lakini mimi ndiye niliyeifagia asubuhi ile, na haikuwa na hata unyoya wa kuku. Mimi na mdogo wangu tulikuwa nyuma ya pazia. Tuliona yote. Mdogo wangu akanifinya mkono, akaziba mdomo kwa leso.

Basi harusi ikapangwa. Na hapa ndipo aingiapo wa tatu, shangazi mwenyewe, mama yake yule binamu. Binti yake mkubwa alikuwa ameolewa Maskati na hangeweza kuja. Shangazi akasema: "Haifai mwanangu aikose. Na ipigwe video, mkanda niupeleke na msafiri."

Wanaume kuwapiga video hakukuwa na neno. Shida ilikuwa upande wa wanawake. Asiyejua desturi yetu ajue hivi: siku mbili kabla ya nikaha, biharusi husingwa singo, yaani hupakwa mwili kwa unga wa manukato na maji ya waridi, na wanawake hukusanyika kumchezea na kumtania. Hapo mabuibui yanavuliwa. Mwanamke mzima aliyelea wajukuu hujifunga leso kiunoni akacheza chakacha. Husemwa maneno yasiyosemwa pengine. Mwanamume haingii, hata mtoto wa kiume aliyeanza kujua kushoto na kulia haingii. Mlangoni huketi mama mmoja na mchapo, kifimbo cha kuwafukuzia wasiotakiwa.

Bibi akauliza: "Hiyo mashine ni mume au mke?"

"Ni chombo, mama," shangazi akajibu.

"Kina jicho?"

"Kina."

"Jicho la nani?"

Wanawake wakacheka, lakini bibi hakucheka. Shangazi akafikiri, kisha akatoa hukumu ambayo mpaka leo naisikia masikioni: "Jicho la aliyekishika. Akikishika mwanamke, jicho la mwanamke."

Wote wakaridhika. Ikawa ni sheria, kama iliyotoka kitabuni. Akatafutwa mwanamke wa kukishika, na kwa kuwa mimi ndimi mwenye mikono isiyo na kazi ya kujipamba, nikachaguliwa mimi.

Nilifundishwa alasiri mbili dukani kwa binamu, shangazi akikaa nami. Nitasema kweli, kwa kuwa nimezeeka katika uchungu na si katika uongo: nilifurahi. Maisha yangu yote chombo kigumu nilichoshika kilikuwa ni mbuzi ya kukunia nazi. Sasa nikawekewa begani mashine nzito kama mtoto wa miezi sita, nikaweka jicho kwenye kioo, nikaiona dunia ndogo, ya rangi ya kijivu, imekaa kimya inanisubiri. Binamu alifundisha vizuri. Vyombo alivipenda kuliko watu, na mtu akipenda kitu huweza kukieleza. Alinionyesha kitufe cha kuanza, kitufe cha kusimamisha, na kitufe cha kuvuta karibu. Ukikiminya kile, uso wa mtu aliye kule unakujia mpaka unaona jasho la juu ya mdomo.

Alinionyesha na mikanda. Akaweka miwili mkononi mwangu. "Tizama," akasema. "Huu mdogo unakomea hapa kiganjani. Huu mkubwa wafika kifundo cha mkono. Mashine hii yala mkubwa. Usije ukasahau."

Nikapima kutoka ncha ya kidole cha kati. Kweli, mdogo uliishia kiganjani, mkubwa ukagusa kifundo.

"Na kuutoa?" nikauliza. "Nikimaliza nautoaje?"

"Hilo niachie mimi. Utauvunja mlango wake."

Shangazi akasikia. Nami nilisikia.

Singo ikahamishwa kutoka chumbani ikaletwa uani, na kutoka usiku ikaletwa alasiri, kwa sababu mashine yataka mwangaza. Tukatandika mikeka, tukatundika leso kwenye kamba pande zote. Mama wa mlangoni akaketi na mchapo wake, akamfukuza hata muuza samaki aliyekuwa kipofu.

"Huyu haoni, bibi wee!" tukamwambia.

"Ana masikio. Na apite!"

Nikapiga. Nikampiga bibi akitafuna tambuu. Nikampiga mama, ambaye kwa miguu yake ile hakucheza miaka mingi, siku hiyo akanyanyuka akaegemea nguzo akatikisa mabega. Mdogo wangu alikaa katikati, amejifunga leso kwapani, manjano mwili mzima kwa singo, macho tu ndiyo meusi. Somo wake, yaani mama aliyekuwa akimfunda mambo ya ndoa, akawa anamchokoza: "Inuka tuone kama mahari haikupotea bure!" Akainuka akacheza kidogo. Nikaminya kile kitufe nikamvuta karibu. Naam, nilimvuta. Uso wake, mabega yake, kiuno chake. Alikuwa mdogo wangu na alikuwa mzuri, nami nilitaka Maskati nzima ione.

Mwisho kabisa, ile taa nyekundu ya betri imeanza kunikonyeza, mdogo wangu akachukua mwiko, akaufanya bakora. Akasimama mlangoni pa jiko. Akakohoa mara tatu. Kisha akainua leso yake kwa vidole viwili juu ya vifundo, akavuka ua wetu kana kwamba avuka choo cha ng'ombe. Wanawake walianguka. Bibi alimwaga tambuu. Hata mama wa mlangoni aliacha mlango. Mdogo wangu mwenyewe akashindwa, akaketi chini akicheka, na hapo mashine ikazima.

Shangazi akaifunga mashine ndani ya leso, mkanda ukiwa tumboni mwake, akavaa buibui lake akaitia chini ya kwapa, akampelekea mwanawe. Yule mama wa mchapo alimpisha kwa heshima. Mwaona tulichofanya? Tulimfukuza kipofu mlangoni, kisha tukawatoa wanawake wote uchi wa kichwa ndani ya buibui la shangazi mmoja.

Nikaha ikapita, bwana harusi akaingia. Kwetu wakati ule fungate ilikaliwa nyumbani kwa biharusi. Siku saba maharusi wako chumba cha ndani, hawatoki, wanapelekewa chakula na udi. Siku ya saba bwana harusi hutoka, na huyu wetu angemchukua mkewe Mambrui. Mimi ndiye niliyepeleka chakula. Nikisukuma mlango nasikia kicheko cha mdogo wangu, na kicheko cha kiume kikikijibu. Nikawaza, alhamdulillahi, huyu kapata.

Siku ya tatu, jirani yetu akaniita uani. Alikuwa mama kutoka bara, Mkristo, dobi wa hoteli moja, na mumewe alikuwa mpishi huko huko. Alikuwa mtu wa maneno machache, mikono imechubuka sabuni.

"Dada," akaniambia, "usikasirike. Hiyo video ya harusi yenu ni ya kuonyeshwa watu?"

"Video gani?"

"Mzee wangu alienda jana huko nyuma ya duka kuona sinema ya karate. Karate ikaisha, wakawekewa hiyo. Yeye aliona ni wamama wa hapa karibu, akatoka. Ameniambia, mimi nikasema siwezi nyamaza."

Nilijua mara moja kilicho hatarini, na hakikuwa mimi. Bwana harusi alikuwa ndani, hajui. Siku nne zilibaki kabla hajatoka nje akakutana na watu. Kama mkanda ule ungepatikana ukafa kabla ya siku ya saba, mdogo wangu angekwenda Mambrui na kicheko chake.

Nikamwambia mama, mama akamwambia baba, baba akamwita shangazi. Shangazi akalia kwanza, kisha akakasirika. "Mwanangu anatazama kama picha zimetoka safi. Fundi asitazame kazi yake?" Baba alikuwa fundi seremala, mtu wa aibu, mtu wa kutembea kando ya ukuta. Siku ya nne akanichukua tukaenda dukani.

Binamu alitupokea kwa shikamoo na viti. Akaapa. Akasema mkanda uliwekwa kwa makosa na kijana mwingine, dakika chache tu, na kwamba hakuna nakala. Nyuma yake niliziona zile mashine mbili, moja imeunganishwa na nyingine kwa waya mweusi. Wakati ule sikujua maana ya ule waya. Leo najua. Akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha gazeti, akampa baba kwa mikono miwili. Baba akakiweka chini ya koti kama mtu aliyebeba maiti ya mtoto.

Siku ya tano, asubuhi, baba aliita watu wawili wa mtaa wawe mashahidi, akamwaga mafuta ya taa uani, karibu na pale pale mdogo wangu alipocheza. Akalifungua lile gazeti. Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko na sinia. Nikauona ule mkanda mkononi mwake.

"Baba," nikasema. "Siyo huo."

"Nyamaza."

"Siyo huo, baba. Huo mdogo. Mimi nilipiga kwa mkubwa. Uweke mkononi, utaona waishia kiganjani. Ule wafika kifundo."

Mmoja wa wale mashahidi akacheka puani. Shangazi akasema: "Leo kawa mhandisi! Darasa la nne!" Na baba yangu, ambaye maisha yake yote alipima mbao, ambaye asingekata ubao bila kuupima mara mbili, hakuupima. Alikuwa na haraka ya aibu yake iishe. Akawasha. Plastiki ikajikunja, ikanuka, ikatoa moshi mweusi uliokwenda mpaka dirisha la maharusi, na bwana harusi akauliza kutoka ndani, "Mnachoma nini?" Mama akajibu: "Taka, mwanangu."

Hata leo sijui tulichoma nini siku ile. Huenda ilikuwa mieleka. Huenda ilikuwa filamu ya Kihindi.

Siku ya sita jirani hakuniita. Alikuja mwenyewe na beseni lake kichwani, akasimama bila kulitua. "Imeonyeshwa tena," akasema. "Na wanasema kuna nyingine imepelekwa Watamu. Wanaume wanakohoa huko sokoni, dada. Mara tatu. Halafu wanacheka."

Hapo nilijua tumekwisha. Kukohoa kulikuwa kumeshatoka na miguu yake.

Siku ya saba ilikuwa Ijumaa. Ami wa bwana harusi alifika kabla ya sala. Safari hii hakukohoa mlangoni. Aliingia tu, akasimama katikati ya ua, na baba akamletea kiti naye akakikataa. Bwana harusi alitoka chumbani amevaa kanzu mpya, akitabasamu, akambusu ami yake mkono. Mdogo wangu alibaki nyuma ya pazia na mimi nikasimama naye. Mkono wake ulikuwa na hina bado nyeusi.

Ami akasema yake. Kwamba ameitwa na watu wema ili aone. Kwamba aliona mwanzo tu, kichwa wazi na mabega wazi, akageuza uso, akaondoka, kwa kuwa yeye ni mtu wa dini. Kwamba mtoto wake hawezi kukaa na mwanamke aliyetazamwa na wapishi wa hoteli.

Baba alikuwa amepiga magoti. Sisemi kwa mfano, alipiga magoti kweli. Akasema: "Bwana mkubwa, ni msiba umetupata, si uchafu wa mtoto. Aliyekosa ni mwenye mashine." Na niliona, wallahi niliona, yule mzee akilegea kidogo. Watu walikuwa wanasikiliza ukutani. Kusamehe mbele ya watu nako ni ukubwa. Akatazama kiti. Akakivuta. Mama akaninong'oneza nilete kahawa.

Akakaa, akasema, sasa sauti imeshuka: "Lakini hata mimi? Mtu mzima wa makamo yangu, nikakoholewa? Kanzu yangu ikafanyiwa mchezo, kisha anaketi anacheka?"

Nami nilikuwa na buli mkononi. Ningeweza kumimina kahawa. Mara ngapi nimeimimina kahawa ile mawazoni mwangu, miaka yote hii, polepole, bila kumwaga.

Nikasema: "Ami, kikohozi kiko mwisho."

Akageuka. "Nini?"

"Kikohozi kiko mwisho wa mkanda. Betri ilikuwa inakufa. Kama uliona mwanzo tu ukaondoka, ulikionaje?"

Kisha huko ukutani, nje, mtu mmoja akacheka. Mmoja tu. Kicheko kile kikatuua.

Alisimama. Akakamata kanzu yake kwa vidole viwili, akaona anachofanya, akaiachia. Akamwambia kijana: "Vaa viatu." Kijana akatazama pazia. Niliyaona macho yake, yalikuwa yanaomba kitu, sijui kwa nani. Akavaa viatu. Baada ya sala ya Ijumaa akaja mtu na karatasi, talaka moja, na eda ikaisha kijana hajarejea.

Walinifanya mimi ndiye mkosa. Shangazi alizunguka na maneno nyumba kwa nyumba: jicho ni la aliyelishika, si tulisema? Kamvuta nduguye karibu makusudi, kwa kijicho, kwa kuwa mdogo katangulia kuolewa. Kisha akamjibu mkwe mbele ya watu ili ndoa ife kabisa. Wanawake wale wale niliowapiga wakicheka wakawa nikiingia arusini wanajifunika mpaka macho, ingawa mikono yangu mitupu. Hakuna aliyejifunika mbele ya shangazi. Binamu aliuza mashine zake, akafunga duka, akaenda Mombasa mwaka mzima, aliporudi alipokelewa kwa pilau.

Basi nami nahesabu wangu. Binamu, kwa kuuonyesha na kwa kutudanganya na mkanda mdogo. Shangazi, kwa kuutoa nje na kwa kunibebesha. Yule ami, kwa kutazama mpaka mwisho kisha kujifanya kipofu. Baba yangu, Mungu amrehemu, kwa kutopima. Na mimi? Kwa buli la kahawa, labda. Siku nyingine nasema ndiyo, siku nyingine nasema ningerudia.

Mdogo wangu aliolewa tena, Vitengeni, na mwenye duka la nafaka aliyekuwa na mke mwingine. Alikwenda bila ngoma. Alizaa watatu. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Mara moja tu, nimemtembelea, tunachambua pojo kwenye ungo, aliniuliza ghafla: "Hivi nilitoka vizuri?"

"Wapi?"

"Kwenye ule mkanda. Malindi wameona, Watamu wameona. Mimi mwenyewe sijauona."

Nikamwambia alitoka vizuri. Akaendelea kuchambua.

Alifariki kwa sukari, watoto wake wakiwa watu wazima. Siku ya tatu ya matanga, binamu akaja. Mzee sasa, ndevu nyeupe, miwani minene, mfukoni simu mbili. Alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki. Akaketi mbele yangu jamvini, akautoa mkanda. Akasema alikuwa nao miaka yote. Akasema anaomba radhi kabla hatujaitwa na sisi.

Niliutwaa, nikauweka mkononi, kutoka ncha ya kidole cha kati. Uligusa kifundo.

Ndani yake yumo bibi na tambuu yake. Yumo mama akitikisa mabega. Yumo mdogo wangu wa manjano. Wote wako chini ya mchanga. Aliyebaki ni mimi, na mimi simo, kwa kuwa mimi ndimi niliyeshika.

"Mashine zake hazipo tena," binamu akasema, na uso wake ukachangamka kama zamani, kama akieleza vitufe. "Lakini kuna kijana Kilifi anazo. Atautia kwenye simu, mtautazama na watoto wa marehemu. Si kazi. Ni kunakili tu."

"Kunakili," nikasema.

Akasikia alichosema. Akatazama jamvi.

Nikaufunga mkanda ndani ya leso, nikamwita mpwa wangu wa kike amtolee mgeni viatu vyake. Radhi sikumpa. Mkanda nilibaki nao.